Sinema ya kale, mwendeshaji mpya: nani hasa kabadilisha nini?

Jumba kongwe la sinema likipata mwendeshaji mpya, malalamiko huja kwa mkupuo. Viti si vile vya zamani, maneno ya waigizaji hayasikiki, tiketi imepanda, filamu za kale zimetoweka, na mwisho wa yote: "Wameuza urithi wetu." Lawama zote hutupiwa mwendeshaji mpya. Nyingine anazistahili. Nyingine zimo kwenye mkataba ambao si yeye aliyeuandika, nyingine zimejengwa ndani ya kuta tangu siku ya kwanza, na nyingine zimeletwa na kichujio ambacho mtu amesahau kukitoa mbele ya projekta.

Majumba mawili ya California yanatosha kuonyesha mambo haya yalivyo: Egyptian Theatre la Los Angeles na Castro Theatre la San Francisco. Yote yalifunguliwa mwaka 1922, na yote yamepata waendeshaji wapya katika muongo huu. Magazeti yaliyasimulia kana kwamba yamepatwa na jambo moja. Si hivyo.

Watu watatu wanaochanganywa

Kwanza kuna mwenye jengo, ambaye hati ya ardhi na kuta ni yake. Wa pili ni mwendeshaji: anaajiri wafanyakazi, anauza tiketi na bisi, analipa umeme. Wa tatu ni mpanga filamu, anayeamua Jumanne ioneshwe nini na Jumamosi nini. Wakati mwingine wote watatu ni mtu mmoja au kampuni moja, lakini kwenye majumba ya kale ni nadra. Ni kama mgahawa: mmoja anapokea kodi ya pango, mwingine ana biashara, na mpishi ndiye anayejua kilichomo chunguni. Pilau ikiungua, kumfuata mwenye jengo ni kupoteza nauli.

Egyptian lilifunguliwa na Sid Grauman tarehe 18 Oktoba 1922 kwa filamu ya Robin Hood ya Douglas Fairbanks. Tetemeko la Northridge la 1994 liliacha jengo likiwa hoi, na mwaka 1996 Jiji la Los Angeles likaliuza kwa dola 1 kwa American Cinematheque, taasisi isiyo ya faida, kwa makubaliano kwamba italikarabati. Likafunguliwa tena Desemba 1998. Mei 2020 Netflix ikalinunua, na baada ya ukarabati mwingine likafungua milango Novemba 2023.

Wengi walitafsiri habari hiyo kwamba sasa ni ukumbi wa filamu za Netflix tu. Kilichouzwa ni jengo na uendeshaji. Upangaji wa filamu uligawanywa: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni za American Cinematheque, ile ile iliyokuwa ikipanga zamani, na siku nyingine ni za Netflix. Mtazamaji anayekwenda mwisho wa wiki kuona filamu ya 1948 kwenye mkanda halisi anaipata mikononi mwa watu wale wale.

Castro ni kisa kingine kabisa, kwa kuwa hakuna aliyelinunua. Familia ya Nasser iliyolijenga bado ndiyo yenye jengo. Kilichotokea Januari 2022 ni kwamba uendeshaji ulikwenda kwa Another Planet Entertainment, kampuni ya matamasha ya muziki inayoendesha pia Fox Theater la Oakland. Umiliki haukubadilika hata kidogo, na bado Castro ndilo lililoleta ugomvi mkubwa zaidi. Ukitaka kubashiri jumba litakuwaje, usiishie kuuliza nani kanunua. Uliza mwendeshaji mpya anapata wapi sehemu kubwa ya fedha zake. Anayeishi kwa matamasha atalitazama jumba kwa jicho la matamasha, na hilo si kosa la tabia, ni hesabu.

"Lakini sheria si inakataza?"

Hoja hii huibuka kila mara: Marekani ina sheria inayozuia watengeneza filamu kumiliki majumba ya sinema, basi Netflix iliwezaje? Kinachozungumziwa ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1948 katika kesi dhidi ya kampuni ya filamu ya Paramount na wenzake. Uamuzi huo, pamoja na maafikiano yaliyofuata, haukuwa sheria ya kila mtu. Uliwabana washtakiwa waliotajwa kwa majina, na Netflix haikuwapo duniani wakati huo. Disney, ambayo haikuwa miongoni mwao, imekuwa ikitumia jumba la El Capitan, mtaa ule ule wa Hollywood Boulevard, tangu 1991. Na Agosti 2020, miezi michache tu baada ya Egyptian kuuzwa, mahakama ilikubali kuyafuta maafikiano hayo na kuweka kipindi cha mpito cha miaka 2 kwa baadhi ya vipengele.

Urithi hulinda nini

Jengo likishaandikwa kuwa la urithi, watu huamini kila kitu ndani yake kimelindwa. Kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye orodha ya sifa za jengo, na kwa kawaida ni vitu vinavyoshikika: uso wa mbele, dari, plasta, taa, ngazi. Filamu haimo. Hakuna bodi ya urithi inayoweza kumwamuru mwendeshaji aonyeshe filamu za kimya kila Alhamisi.

Castro liliingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya San Francisco mwaka 1977, likiwa namba 100. Kwa miaka mingi macho yalikuwa kwenye sura ya nje, ule uso unaofanana na kanisa la Kihispania. Mwendeshaji mpya alipotangaza mpango wa kung'oa viti vya ukumbi wa chini na kuweka sakafu inayobadilika umbo, wapinzani walitaka ulinzi uingie ndani, tena useme wazi kwamba viti vifungwe sakafuni. Mwaka 1 na zaidi ulikwisha kwenye vikao, na mvutano mkali ukawa juu ya kirai hicho kimoja. Mwaka 2023 jiji lilipanua ulinzi hadi ndani ya ukumbi, lakini mpango wa sakafu inayosogea ukapitishwa. Mwanzoni mwa 2024 jumba likafungwa kwa ukarabati.

Kwetu somo hili si geni. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na ndani yake limo jumba la Majestic, lililojengwa miaka ya 1950 mahali pa jumba la Royal lililoungua. Kuorodheshwa kwa mji mzima hakukulifanya jumba hilo liendelee kuonyesha filamu. Katikati ya Nairobi nako kumbi kadhaa za sinema ziligeuka makanisa: kuta zipo, safu za viti zipo, ila skrini imekuwa ukuta wa nyuma ya mimbari.

Kwa nini viti vizue ugomvi wa miaka

Mtu asiyehudhuria sinema hushangaa: viti ni viti, weka vingine. Hapa ndipo pana mengi, kwa sababu kiti ndani ya sinema kinafanya kazi 3 kwa pamoja.

Kazi ya kwanza ni kukaliwa, hiyo haina mjadala.

Ya pili ni kuweka jicho mahali pake. Kutoka jichoni hadi utosini kwa mtu mzima ni karibu sentimita 12. Ili uone juu ya kichwa cha aliye mbele yako, mstari kutoka jichoni mwako hadi ukingo wa chini wa skrini lazima upite juu ya utosi wake. Majumba ya miaka ya 1920 yalilitatua hilo kwa sakafu yenye mteremko mdogo na viti vilivyopishana, kila kiti kikitazama pengo kati ya vichwa viwili vya mbele. Tamasha la muziki linataka kinyume chake: watu wasimame, sakafu iwe tambarare au ya ngazi pana, na jukwaa liwe juu. Ukipanga viti vya kukunja juu ya ngazi pana zilizotengenezwa kwa watu waliosimama, safu ya mbele ya kila ngazi inaona vizuri na safu ya nyuma yake inatazama visogo. Ndiyo maana Castro ilibuniwa sakafu ya mota inayoweza kuwa mteremko siku ya filamu na ngazi siku ya tamasha. Sakafu ya namna hiyo inafanya kazi ikiwa tu viti vinavyorudishwa vitakaa kwenye alama zake. Wafanyakazi wakiwa na saa chache kati ya tamasha la usiku na filamu ya mchana, upishano wa viti ndio wa kwanza kupuuzwa.

Kazi ya tatu wengi hawaijui: kiti chenye sponji na kitambaa hunywa sauti. Kiti kizuri cha sinema kikiwa kitupu hunyonya sauti karibu sawa na kikiwa na mtu. Kwa hiyo ukumbi wenye watu 40 na ule wenye watu 1,000 hausikiki tofauti sana. Ukivitoa viti hivyo na kuweka vya plastiki au mbao, siku ya watu wachache sauti itazunguka ukumbini kama imefungiwa kwenye tangi la maji. Mtazamaji atalaumu spika. Spika hazina hatia.

Kuna jambo jingine kuhusu idadi. Egyptian lilianza na viti zaidi ya 1,700. Sasa lina 516, na roshani iliyowekwa kwenye ukarabati wa 1998 iliondolewa. Watu husema limepunguzwa makusudi ili tiketi ziadimike. Idadi ya 1922 haingerudi hata kwa lazima: miguu inahitaji nafasi zaidi, sheria za moto zinadai njia pana, na viti vya magurudumu vinahitaji mahali pao palipo tambarare.

Sauti: maneno hayasikiki, na hii ndiyo sababu

Majumba ya 1922 yalijengwa kabla ya filamu kuzungumza. Sauti iliyotarajiwa ilikuwa ya okestra na kinanda kikubwa cha mabomba, na muziki wa namna hiyo hunoga ukumbi ukivuma kidogo. Mazungumzo hayataki mvumo. Konsonanti kama s, t na k ni fupi na dhaifu, na mvumo wa irabu iliyotangulia huzifunika. Ukumbi wa sinema wa siku hizi huundwa ili sauti ife ndani ya sekunde moja au pungufu, ilhali jumba la plasta lenye dari refu laweza kukaa nayo muda mrefu zaidi. Dawa ni vifyonza sauti kwenye ukuta wa nyuma, mazulia na mapazia, lakini plasta ikiwa imelindwa huwezi kuifunika ovyo. Hapo urithi na usikivu vinagombana waziwazi, na mwenye kusema vyote viwili vitapatikana bila gharama anadanganya.

Tatizo la pili ni spika za tamasha. Kwenye sinema, spika 3 au zaidi hukaa nyuma ya skrini yenye vitundu vidogo, na maneno karibu yote hutoka kwenye ile ya katikati. Tamasha hutumia spika zinazoning'inia kushoto na kulia kwa jukwaa. Mwendeshaji akizitumia hizo kuonyeshea filamu, maneno yatatoka upande ulio karibu na wewe, na midomo ya mwigizaji aliye katikati itaonekana kusema kutoka ukutani.

La tatu ni la kawaida kuliko yote na ni la bure kulirekebisha. Mashine za sauti za sinema zina kipimo cha kiwango ambapo 7 ndiyo sauti aliyokusudia mtengenezaji, iliyopimwa kwa desibeli 85 kwa kila spika ya skrini. Matangazo na vionjo vya filamu zijazo huwa na kelele, watu wanalalamika, mfanyakazi anashusha hadi 5 au chini ya hapo, kisha filamu yenyewe inaanza na hakuna anayekumbuka kupandisha. Filamu ya mazungumzo ya taratibu ndiyo inayoumia.

Ukitaka kujua ukumbi ulivyorekebishwa, kaa katikati, theluthi mbili kutoka kwenye skrini kwenda nyuma. Mafundi husimika maikrofoni zao maeneo hayo. Chini ya roshani sauti hupoteza ukali, na hakuna mwendeshaji anayeweza kukufanyia lolote.

Picha: mkanda, dijitali, na giza lisilo la lazima

Imani kwamba mkanda ni bora daima imeenea sana kati ya wapenzi wa majumba ya kale. Mkanda mzuri kwenye projekta iliyotunzwa ni raha ya pekee. Mkanda uliokwaruzwa, uliopauka hadi kuwa mwekundu, ni adhabu, na nakala ya dijitali iliyosafishwa inaushinda bila shaka. Swali la maana ni nakala ipi, si teknolojia ipi.

Mkanda wa milimita 35 hupita picha 24 kwa sekunde. Gurudumu moja la futi 2,000 hudumu kama dakika 20, kwa hiyo filamu ya saa 2 ina magurudumu 6 hivi na inahitaji projekta 2 zinazopokezana. Ile doa ndogo inayomulika kwenye pembe ya juu kulia ni ishara kwa mwendeshaji wa projekta: ya kwanza inamwambia awashe mota ya mashine ya pili, na ya mwisho, sekunde chache baadaye, inamwambia ahamishe. Akichelewa, skrini inakuwa nyeupe. Kazi hii haitaki mtu wa kubonyeza kitufe na kwenda kuuza bisi, na mishahara ya watu wanaoijua ni ya kwanza kutazamwa gharama zinapokatwa.

Egyptian lina chumba cha projekta kinachoruhusiwa kuonyesha mikanda ya naitrati, na majumba ya namna hiyo Marekani ni machache mno. Naitrati ilikuwa mkanda wa kawaida hadi kuanza kwa miaka ya 1950. Inawaka haraka, na ikishika moto hutoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo kuifunika au kuimwagia maji hakusaidii. Chumba chake hujengwa kama sanduku la moto, na madirisha ya kupitishia mwanga yana vifuniko vya chuma vinavyoanguka vyenyewe. Hapa wanaodai kuwa mwendeshaji mpya hajali historia wana kazi ya kueleza: uwezo huo umedumishwa.

Dijitali nayo ina njia zake za kuharibika. Filamu huja kwenye diski ikiwa imefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hutumwa kwa mashine moja kwa muda maalumu. Ufunguo ukianza kazi saa 2 usiku, huwezi kuanza saa 1 na nusu hata ukumbi ujae. Ukitumwa kwa namba ya mashine iliyobadilishwa wakati wa ukarabati, hakuna onyesho. Wiki za mwanzo baada ya ufunguzi kosa hili si ajabu.

Na giza je? Kiwango cha tasnia kwa picha ya kawaida ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba ya skrini. Mwanga wa taa ya zenoni iliyomo ndani ya projekta hupungua kadiri saa zake zinavyoongezeka, na inapobanwa bajeti hutumiwa kupita umri wake. Kichujio cha filamu za 3D kikiachwa mbele ya lenzi wakati wa filamu ya kawaida, sehemu kubwa ya mwanga inapotea. Tamasha nalo huacha moshi na vumbi la jukwaani, vinavyokaa kwenye lenzi na kioo cha dirisha la projekta. Kufuta kioo hicho ni kazi ya dakika 2.

Filamu za kimya zina mtego wake. Picha yake ilitumia upana wote wa mkanda. Baadaye kipande cha kushoto kilichukuliwa na njia ya sauti. Ukionyesha filamu ya kimya kwa fremu ya filamu ya sauti, upande wa kushoto unakatwa, na mtu anayeingia kutoka kushoto anatokea kama mzuka.

Bei

Msambazaji huchukua sehemu ya kila tiketi, na kwa filamu mpya sehemu hiyo inaweza kufika nusu au kuzidi. Kwa filamu ya zamani hutozwa kiwango cha chini au asilimia ya mauzo, kile kitakachokuwa kikubwa. Watu 30 wakija kuona filamu ya zamani, kiwango cha chini kinameza karibu kila kitu. Jumba la skrini moja halina ukumbi mdogo wa kuihamishia filamu isiyovuta watu. Ndiyo maana bisi ni ghali, na ndiyo maana mwendeshaji wa matamasha anatamani baa.

Nani umwambie nini

Malalamiko ya picha na sauti yapelekwe papo hapo, ndani ya dakika 5 za kwanza, kwa mfanyakazi wa mlangoni, na yatajwe kwa dalili. "Picha mbaya" haimsaidii fundi. "Watu wanaonekana wembamba" humwambia kwamba mpangilio wa lenzi si wa filamu hii. "Vichwa vimekatwa" humwambia fremu si sahihi. "Muziki unasikika lakini maneno karibu hayapo" humwambia spika ya katikati haifanyi kazi. "Sauti ni ndogo tangu vionjo vilipokwisha" humwambia aangalie kile kipimo cha 7. Ukisubiri hadi mwisho, utapewa pole tu.

Ratiba ya filamu ni ya mpanga filamu, ambaye huenda hayumo kabisa kwenye kampuni inayokuuzia tiketi. Egyptian, barua kuhusu filamu za Jumamosi huandikiwa American Cinematheque. Na viti, dari au sakafu haviko mikononi mwa mtu wa mlangoni wala wa simu ya huduma kwa wateja. Huamuliwa kwenye vikao vya mipango miji na vya urithi, ambavyo San Francisco huwa wazi kwa yeyote anayetaka kuzungumza. Muda wa kila msemaji ni mfupi sana, kwa hiyo anayefika na kirai kamili anachotaka kiongezwe au kifutwe kwenye maandishi ya ulinzi ana nafasi kubwa kuliko anayekuja kueleza anavyolipenda jumba.